Fungu la Chumba Kilichofungwa

Katika bweni letu mtandao uligawanywa kwa haki, na haki hiyo ilikwenda polepole. Sisemi hivi kwa kuomba radhi. Kabla sijawa mkuu wa bweni, wakazi wachache wenye mashine kubwa walivuta filamu tangu alfajiri, huku mwanafunzi wa udaktari aliyetaka kumpelekea msimamizi wake picha za maabara akikodolea macho kiduara kinachozunguka. Nilipochaguliwa nilileta utaratibu niliolelewa nao katika shule ya bweni, ambako bomba lilikuwa moja na ndoo zilikuwa nyingi. Kila chumba kilipewa fungu lake la mtandao, kipimo kilekile baina ya kengele na kengele, sawasawa na la jirani, na fungu hilo halikuguswa hata mwenyewe awe hayupo. Kengele ilipogongwa, asubuhi, adhuhuri, alasiri na jioni, kila kilichokuwa kikipita kilikatwa, na kila mmoja akaanza upya. Mkutano wa wakazi ulipiga kura ukaupitisha utaratibu huo, na ni mkutano peke yake ulioweza kuubadilisha.

Kengele yenyewe ilikuwa ya chuma, ikining'inia juu ya ngazi, nje ya mlango wa ofisi yangu. Niligonga kwa mkono wa kulia, kisha nikaingia na kubonyeza swichi ya kukata. Mafundi walinishauri niiachie saa ya kompyuta ifanye kazi hiyo. Nilikataa. Sheria isiyokuwa na mkono wa mtu nyuma yake hugeuka pambo la ukutani. Wakazi wakaniita Kengele, wakidhani wananitania. Mimi nikalibeba jina hilo kifua mbele. Tangu nishike wadhifa sikuwahi kuikosa wala kuichelewesha, hata nilipokuwa na homa.

Karibu na mwisho wa muhula tulifiwa na mkazi mmoja wa upande wa mashariki. Tulimwita Msomaji, kwa sababu ukipita mlangoni kwake ungemsikia akisoma kwa sauti, kwa utaratibu, kama mtu aliyeketi kando ya kitanda cha mgonjwa. Maradhi yalimshika ghafla. Alitoka chumbani kwa miguu yake kwenda zahanati, akamwambia mtunza funguo kwamba anarudi sasa hivi, na hakurudi.

Bweni letu lina desturi yake katika msiba. Chumba cha aliyefariki hufungwa kama alivyokiacha, na mkono wa mtu haugusi hata kikombe mpaka afike jamaa wa damu. Mimi na mtunza funguo, mama wa makamo tuliyemwita Mama Funguo, tuliuvuta mlango bila kuvuka kizingiti. Taa ilikuwa imezimwa, dirisha limefungwa. Hatukuchungulia. Kumchungulia mtu asiyeweza tena kukukemea ni utovu wa adabu.

Likizo ikaanza, wakazi wakatawanyika makwao. Nikabaki mimi na tasnifu yangu, Mama Funguo na ufagio wake, na korido ndefu zilizorudisha mlio wa viatu. Niligonga kengele kama kawaida. Sheria haiendi likizo.

"Mkuu," Mama Funguo aliniambia asubuhi moja, akiwa ameegemea mlango wa ofisi, "mimi upande wa mashariki sifagii tena."

"Kwa nini, mama?"

"Usinicheke."

"Lini umeniona nikicheka?"

"Kweli, hilo umesema." Akashusha sauti. "Ukigonga kengele yako, yule mtoto anaitika."

Nilimwambia kwamba bomba la maji huwa linalia likipoa. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Haya, mwanangu. Bomba." Akaweka ufagio mbele yangu na kwenda zake.

Adhuhuri niligonga, nikabonyeza swichi, kisha nikatembea hadi upande wa mashariki jua likiwaka madirishani. Vumbi lilikuwa limetulia sakafuni, halina alama ya mguu. Nilisimama mbele ya mlango wa Msomaji. Mlio wa kengele ulikuwa haujaisha vizuri katika chuma cha ngazi, na ndani ya chumba kile kikasikika kilio chembamba, kama kijiko kikigusa glasi. Mara moja tu.

Shuleni kwetu jina likiitwa ulijibu mara moja tu, na sauti ya kujibu haikuwa ndefu kuliko ile.

Niliweka kiganja kwenye mlango. Ulikuwa na uvuguvugu. Chini yake, kwenye upenyo, pumzi nyepesi ilitoka ikanigusa vidole vya mguu ndani ya ndala. Mimi si mtu wa kuogopa vivuli, lakini nilirudi ofisini kwa mwendo ambao nisingemruhusu mkazi yeyote kuutumia kwenye korido.

Kwenye skrini ya ofisi kila chumba kilikuwa na kitaa chake: kijani penye kazi, kijivu pasipo na mtu. Kwa kuwa wakazi wote walikuwa makwao, sikuwa nimeitazama tangu likizo ianze. Ukurasa mzima ulikuwa wa kijivu, isipokuwa chumba changu na chumba kilichofungwa. Chake kilikuwa kimejaa kijani hadi ukingoni, kama kikombe kilichomiminwa chai bila kuangaliwa.

Nikampigia fundi wa mtandao wa chuo, mtu tuliyesoma naye kidato kimoja na ambaye hajawahi kuniheshimu.

"Ni mashine yake, bwana," alisema baada ya kunisikiliza. "Mlifunga mlango, mkaiacha inawaka. Skrini imelala, lakini mwili uko macho. Kuna faili inalipeleka nyumbani kwao, kubwa kweli kweli. Hicho kijifungu chako kinakwisha kabla ya faili, linasimama palepale likingoja ugonge. Ukigonga linakatika, linaanza upya. Huo mlio ndio kuanza kwenyewe."

"Tangu alipofariki?"

"Kila kengele. Lo. Maskini. Sikiliza, mfungie hilo fungu, yaishe."

"Fungu la mkazi halifungwi mpaka jamaa wafike."

"Mkazi gani, Kengele? Siku hizi unasajili mizimu?"

"Na tukilinakili hilo faili kwa mkono?"

"Mashine imefungwa kwa neno la siri, na mwenye neno mmemzika. Ukiizima, vilivyomo havifunguki tena mpaka kiama. Njia iliyo wazi ni hiyo moja, nayo umeibana wewe."

Nilikata simu. Jioni niligonga kengele, nikabonyeza swichi, kisha nikarudi ngazini kusikiliza. Kutoka mbali, mwisho wa korido, niliitikiwa.

Kesho yake asubuhi akaja dada wa marehemu kuchukua vitu. Alikuwa mkubwa kwa Msomaji, mwanamke mrefu mwenye begi tupu begani na macho ya mtu aliyesafiri bila kusinzia. Alisimama mlangoni pa ofisi akanipima kuanzia kichwani.

"Wewe ndiye Kengele?"

"Ndivyo ninavyoitwa. Pole kwa msiba, dada."

"Nimepoa. Baba anakusalimu." Akaketi bila kukaribishwa. "Anakuchukia pia, kwa jinsi kengele yako ilivyokuwa ikimkatia mwanawe, lakini amesema nianze na salamu."

Nikamwomba anieleze, akanieleza. Baba yao alikuwa mwalimu, akapofuka akiwa kazini. Zamani, watoto wakiwa wadogo, aliwasomea kitabu cha safari, kilichokuwa kimeng'oka jalada kabla hakijafika nyumbani mwao. Alipopoteza macho, mwanawe alikichukua kitabu kilekile, akawa anamsomea kwa vipande kutoka bwenini, akimtumia sauti yake. Mashine ya baba ilikuwa ya kusema, na marehemu alikuwa amejiandikisha humo kwa jina moja tu. Kila kitu kilipoingia ilitangaza: *Linaingia, kutoka kwa mwanao.*

"Siku tuliyotoka kuzika," alisema, "watu bado wamejaa sebuleni, tukaisikia. 'Linaingia, kutoka kwa mwanao.' Mama mdogo aliangusha trei nzima ya vikombe. Baba akainuka peke yake, hakushikwa mkono na mtu, akaenda kuketi mbele ya ile mashine. Hajatoka hapo, kaka. Tunamlisha hapo."

"Anasikia kinachoingia?"

"Kinasikika kadiri kinavyofika. Mdogo wangu anasema, 'Shikamoo Baba. Leo tunamaliza kitabu.' Halafu anasoma. Msafara unafika chini ya ukuta wa mji, kiongozi anageuka, anawatazama wenzake mmoja mmoja, anasema, 'Mbona...' Hapo inakatika. Kila siku hapohapo. 'Mbona.' Halafu kimya. Halafu, 'Linaingia, kutoka kwa mwanao,' na 'Shikamoo Baba.'" Akajifuta uso kwa kiganja. "Kama ni kuteswa, sijui mateso gani mengine yamebaki. Na ukimwambia azime, anakuuliza: nimzime nani?"

Nilimweleza neno kwa neno aliyoniambia fundi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Basi sikuja kuchukua vitu," alisema. "Nimekuja ili faili hilo lifike lote. Likifika lote litanyamaza, naye atainuka kwenye kile kiti. Nisipolipata leo, nitarudi nyumbani kumzika wa pili."

Alisema leo, na ilikuwa leo kweli. Ukutani, nyuma ya kichwa chake, lilibandikwa tangazo la chuo: baada ya kengele ya alasiri, mafundi wa umeme wangekata umeme wa upande wote wa mashariki na kubadilisha nyaya zake hadi mwisho wa likizo. Nilipiga simu ofisi ya majengo palepale. Wakanijibu kwamba kazi iliyokwisha kusainiwa haiahirishwi kwa ajili ya kompyuta. Hivyo tulibakiwa na kipindi kimoja kizima, cha adhuhuri hadi alasiri.

"Mfungulie mtandao wote," alisema dada. "Bweni ni tupu. Unamwekea nani?"

"Mafungu si yangu, dada. Mimi ni mlinzi wake."

Alinitazama kama mtu anayetazama ukuta akitafuta mlango. Nami, kwa heshima ya bweni, nikamwonyesha mlango uliokuwapo. Kanuni iliruhusu mkazi amwachie mwenzake fungu lake kwa kipindi kimoja, kwa kauli yake mwenyewe, mbele ya mkuu wa bweni. Kauli ya simu ni kauli. Nikaanza na fungu langu. Kisha nikavuta simu, nikaanza kuomba.

Sikuwa nimezoea. Wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa sheria, mtu mwenye maneno mengi.

"Kengele anaomba?" alisema. "Subiri nikae chini. Rudia."

"Ninaomba fungu lako la adhuhuri hadi alasiri, tafadhali."

"Tafadhali! Mke wangu, njoo usikie, bwana Kengele amesema tafadhali. Hebu iseme tena, nimeweka simu kwa sauti kubwa."

Niliisema tena. Nikamweleza sababu. Kicheko kikakatika upande wa pili, na nikamsikia akikohoa. "Chukua," alisema kwa sauti nyingine. "Ungeanza na hilo, ndugu yangu. Chukua."

Wengine walitoa kabla sijamaliza sentensi. Mmoja aliuliza kama ni kweli kwamba chumba kile kinaitika, akatoa fungu lake haraka, kama mtu anayeweka kitu chini na kurudi nyuma. Nikafika kwa yule tuliyemwita Mzee wa Filamu, ambaye hatukuwa tukisalimiana.

"Ulinikatia picha ikiwa imebaki kipande cha mwisho," alisema. "Hadi leo sijui nani alimuua yule mama."

"Ni kweli, nilikukatia."

"Unasikitika?"

Dada wa Msomaji alikuwa ameketi mbele yangu, akinikazia macho nikubali. "Hapana," nilisema.

Akacheka hadi simu ikakwaruza. "Angalau huongopi. Chukua. Chukua na la jirani yangu, tuko naye hapa, anakula."

"Mpe simu, aseme mwenyewe."

"Mungu wangu, mtu huyu! Wewe, meza kwanza hicho kiazi, useme na Kengele."

Kabla ya adhuhuri mafungu yalikuwa yametosha kuujaza ukurasa. Nikampa dada ufunguo, tukaenda naye na Mama Funguo, na yeye, kwa kuwa ndiye wa damu, akaufungua mlango.

Hewa ya joto ilitupiga usoni. Chumba kilikuwa nadhifu kwa namna ya mtu anayerudi sasa hivi: kitanda kimetandikwa upande mmoja, viatu vimeelekezwa mlangoni, kikombe chenye duara jeusi la chai iliyokauka. Juu ya meza kulikuwa na kipaza sauti kilichovishwa soksi ili kisinase mvumo wa pumzi, na kitabu kisicho na jalada, kimelazwa kifudifudi penye ukurasa wake. Chini ya meza feni ya mashine ilikuwa ikihema. Mama Funguo alinong'ona maneno ya kumwombea, akabaki nje.

"Ile soksi ni ya kwangu," dada alisema. "Nimeitafuta mwaka mzima." Akaanza kucheka, na kicheko kikamgeuka.

Nilirudi ofisini, nikafungulia mafungu yote kwenye chumba kile, nikagonga kengele ya adhuhuri na kubonyeza swichi. Ule mlio ukasikika mwisho wa korido. Nilipofika, dada alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Anaitika kweli," alisema.

Alimpigia baba yake, akaiweka simu juu ya meza kwa sauti kubwa. Kutoka mbali tulisikia mashine ikitangaza, na baada yake sauti ya Msomaji, imepita katika mtandao na simu hadi kurudi chumbani ilimotoka: *Shikamoo Baba. Leo tunamaliza kitabu.* Nilikuwa nimesimama pembeni ya kiti chake. Sikuthubutu kukitazama.

"Marahaba," alijibu mzee, kama alivyojibu, nadhani, kila kengele.

Safari hii faili lilitiririka. Skrini niliyokuwa nimeihamishia kwenye kompyuta yangu ya mkononi ilionyesha mstari wa kijani ukisonga kwa mwendo ambao sijauona katika bweni lile, ukaipita sehemu ulipokuwa ukikatika kila mara. Huko nyumbani, sauti iliendelea kusoma kwa mwendo wake, taratibu, haijui kwamba njia imepanuliwa.

"Baba," dada alisema, "mengi yameshafika. Leo hatutakatwa."

"Nimeona," alisema mzee, na sikumsahihisha neno hilo hata moyoni. "Sasa nazima sauti, mwanangu. Acha liingie tu."

"Kwa nini uzime? Umelisubiri..."

"Acha liingie."

Basi tukakaa bila sauti, mimi, dada, Mama Funguo pale mlangoni, na mzee aliyekuwa akipumua ndani ya simu. Nilimsikiliza Msomaji asiyesikika. Kuna aina ya kimya ambacho nakikumbuka shuleni, jina linapoitwa na mwenye jina hayupo, na mwalimu anaacha kalamu juu ya karatasi akingoja. Chumba kilikuwa katika kimya hicho, na kwenye meza kitabu kilikuwa kimelala kifudifudi.

Kuelekea alasiri mstari ulipunguza mwendo. Mashine ilikuwa imechoka. Feni yake ilianza kukwaruza, kuzima, kukwaruza tena. Kutoka uani nilisikia gari na ngazi zikishushwa. Mafundi wa umeme walikuwa wamefika mapema.

Nilitazama saa. Wakati wa kengele ulikuwa umefika, na mstari ulikuwa umebakiza kipande chembamba kama ukucha.

"Kaka," dada alisema.

Nikaenda ngazini. Nilishika kamba kama nilivyoishika kila siku tangu nichaguliwe. Msimamizi wa mafundi alikuwa chini ya ngazi, mkono wake uko kwenye kisanduku cha umeme, uso ameuinua.

"Mkuu, tukate?"

"Mliambiwa nini?"

"Tuliambiwa baada ya kengele."

"Je, kengele imegongwa?"

Akawatazama wenzake. "Hapana."

"Basi."

"Lakini saa yangu..."

"Sikuulizi saa yako. Umesikia kengele?"

Akashusha mkono, akaketi kwenye ngazi yake ya mbao, akatoa simu. Mwenzake mmoja alinong'ona, kwa sauti ya kunifikia, "Huyu ndiye waliyetwambia hachelewi?" Wakacheka. Niliwaacha wacheke. Kamba ilikuwa mkononi mwangu, mkono ulikuwa umejizoesha kushuka, na kuuzuia kulinilazimu kusimama kama mtu aliyebeba mzigo kichwani. Sikujidanganya kwamba natii sheria. Kanuni haikusema kengele igongwe mstari utakapotimia. Nilijua ninachokivunja, nikakivunja macho wazi.

Mwisho wa korido kikasikika kilio kingine, cha sauti mbili, ambacho hakuna aliyewahi kukisikia katika chumba kile. Kisha dada akaita, "Limetimia!"

Nikagonga. Mlio ulizunguka ngazi, ukapita korido zote, ukafika upande wa mashariki, ukafa. Nilibonyeza swichi, na hapakuwa na kilichoitika. Msimamizi akainuka, akakata umeme, na feni ikasita.

Jioni hiyo dada aliondoka na begi lake. Alichukua kitabu, viatu, kipaza sauti pamoja na soksi yake, na mashine iliyokuwa sasa sanduku la chuma tu. Kikombe alikiosha akakiacha. Aliponiaga alinipa mkono, akasema atanijulisha mzee akiinuka.

Muhula ulipofunguliwa niliitisha mkutano wa wakazi, nikajishtaki. Nilieleza kwamba kengele ya alasiri ya siku ile ilicheleweshwa na mkuu wa bweni kwa makusudi, bila idhini yao, na kwamba adhabu iliyoandikwa kwa anayepita muda wake ni kunyang'anywa fungu kwa muhula mzima. Nikaomba itekelezwe. Walipiga kelele za kukataa. Mwanafunzi wa sheria alinitetea kwa hotuba ambayo sikumtuma.

"Kaa chini," nilimwambia. "Humtetei mtu aliyekiri."

"Kengele, hata mizimu ilikusamehe!" mtu alipaza sauti nyuma.

"Mizimu haina kura katika mkutano huu."

Mzee wa Filamu ndiye aliyeinua mkono wa kwanza kukubali adhabu. "Mpeni anachokitaka," alisema. "Mkimsamehe mtamtukana." Nilimshukuru kwa kichwa. Tangu siku hiyo tunasalimiana. Muhula wote ule niliandika tasnifu yangu maktaba, nikienda na kurudi kwa miguu, nikahakikisha niko ngazini kila kengele.

Mzee alinipigia mwenyewe, muhula ukiwa umekwisha kuota mizizi. Nilijitambulisha na kumwamkia.

"Marahaba, kijana. Limefika lote. Nilitaka uambiwe na mimi."

"Nashukuru, Mwalimu. Umelisikiliza?"

"Binti yangu anafurahi. Natoka nje sasa, nakaa juani, nakula mezani na wenzangu. Amekwambia?"

"Amenijulisha."

"Kila alasiri narudi kidogo. Naliwasha tangu mwanzo. 'Shikamoo Baba.' Namjibu. Wanasafiri, wanafika ukutani, kiongozi anageuka, anasema, 'Mbona...' Hapo nazima."

"Kwa nini hapo, Mwalimu?" niliuliza.

"Najua kinachofuata," aliendelea. "Mimi ndiye niliyekisoma kwanza, wao wakiwa wadogo hivi. Kiongozi anasema, 'Mbona mmoja wetu hayupo?' Wanafadhaika, wanataka kurudi kumtafuta. Kumbe alibaki nyuma kufunga kamba ya kiatu. Ukurasa wa pili tu anatokea, anakimbia, vumbi tupu." Alivuta pumzi. "Wanangu walikuwa wakipiga makofi hapo. Zamani ulipokuwa ukimkata, nilijua ukishakata ataanza tena. Sasa hakuna wa kumkata ila mimi. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Mwalimu."

"Unagonga bado?"

"Kila siku."

"Alasiri pia?"

"Alasiri pia. Na sichelewi."

"Vizuri," alisema mzee. "Usichelewe."

Chumba kile kina mkazi mpya, mwanafunzi wa hesabu, mpole, anayeniuliza kwa nini kando ya fungu lake kuna jingine lisilo na mlango. Nimemwambia ni la bweni. Kwenye skrini nimeliacha fungu la Msomaji pale, kijivu, sawasawa na mengine, na mkutano umelipigia kura. Alasiri inapofika nasimama ngazini, nashika kamba, na kabla mkono haujashuka namwona mzee nisiyemjua sura, kidole chake kimetangulia kupapasa kitufe, kichwa amekiinamisha, akisikiliza neno lilelile. Nagonga. Kisha nasubiri kidogo kabla ya kuingia ofisini, kama mtu anayeita majina, na korido inanyamaza hadi mwisho wake.